Ugaidi Ulivyoingia Katika Daftari la Wahujumu Uchumi

Kesi iliyomkabili Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa CHADEMA, chama cha upinzani nchini Tanzania, ilihusu ugaidi. Alikamatwa Mwanza Julai 21, 2021, akasomewa mashtaka Dar es Salaam siku tano baadaye. Moja ya mashtaka hayo lilikuwa la kufadhili ugaidi, yaani kwamba alitoa fedha, kiasi kisichofika shilingi milioni moja, kuwawezesha watu waliodaiwa kupanga kulipua vituo vya mafuta. Hata hivyo shauri lilipofika Mahakama Kuu lilisajiliwa kuwa kesi ya uhujumu uchumi namba 16 ya mwaka 2021. Machi 4, 2022 upande wa mashtaka ulieleza kuwa hauna nia ya kuendelea nayo, na Mbowe akatoka gerezani siku ya 226 tangu akamatwe. Katika siku zote hizo hakupata dhamana, na hapa ndipo penye jambo lenyewe: hakuna jaji aliyepima hatari ya kumwachia na kuona ni kubwa mno. Sheria haikumpa mtu yeyote nafasi ya kupima. Maneno ya hati ya mashtaka yalitosha kumweka mtu rumande, na aliyeyaandika maneno hayo alikuwa mmoja wa wenye kesi. Hoja yangu ni kwamba utaratibu huu haukuzaliwa na ugaidi. Ulikuwapo tayari, umetengenezwa kwa ajili ya hofu nyingine za zamani, na ugaidi ukaingizwa humo kama mpangaji mpya anavyoingia katika nyumba iliyokwisha kuwekwa kufuli. Asiyeijua historia hiyo ataamini kwamba kunyimwa dhamana ni bei ya kupambana na magaidi, na sivyo ilivyo.

Desturi ya kugawa makosa mafungu mawili, yenye dhamana na yasiyo na dhamana, ni kongwe kuliko taifa lolote la Afrika Mashariki. Uingereza iliiandika mwaka 1275 katika sheria ya Westminster ya Mfalme Edward I, iliyotaja ni nani wanaweza kuachiwa kwa wadhamini na nani wasiachiwe. Sababu yake inafaa kukumbukwa: maofisa wa mfalme mikoani walikuwa wakiwaachia waliostahili kushikwa na kuwashika waliostahili kuachiwa, ili wale fedha pande zote mbili. Orodha ilitungwa, basi, kumfunga mikono ofisa anayeuza uhuru wa watu. Desturi hiyo ilisafiri hadi India, na mwaka 1897 amri ya Uingereza ikaiingiza sheria ya mwenendo wa jinai ya India katika himaya yake ya Afrika Mashariki. Baadaye Kenya na Tanganyika zikapata sheria zake zenyewe, ambazo kwa habari ya dhamana hazikuwa na maneno mengi. Mshtakiwa wa kosa lolote angeweza kuomba dhamana, isipokuwa wa mauaji au uhaini. Mkoloni hakuwa mpole. Alikuwa na njia nyingine za kumweka mtu ndani bila kujisumbua na mahakama, kama walivyoona maelfu waliozuiliwa kambini Kenya wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Njia hizo nyingine hazikuondoka na bendera. Mwaka 1962 Bunge la Tanganyika lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa mkuu wa nchi uwezo wa kumfunga mtu bila kumfungulia kesi. Palipo na uwezo huo, dhamana si suala la kisiasa, kwa sababu serikali inayomhofia mtu haina haja ya kumshtaki. Ndiyo maana katika miaka ya sitini na sabini hatuoni mvutano mkubwa mahakamani juu ya dhamana. Mvutano ulianza pale serikali ilipotaka kuwashughulikia watu wengi kwa mpigo, kwa sura ya kesi, huku ikitaka wabaki ndani. Hilo lilitokea mwaka 1983. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, madukani hakuna sukari, sabuni wala nguo, na Waziri Mkuu Edward Sokoine akaongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Watu walikamatwa majumbani na maghalani, bidhaa zikaanikwa hadharani, na wengine walizitupa usiku wasikutwe nazo. Sheria ya kuhalalisha msako ilikuja baada ya msako wenyewe kuanza. Iliunda baraza maalumu la kusikiliza mashauri hayo, ikawazuia mawakili wasimtetee mtu, na ikafunga mlango wa dhamana. Wananchi wengi waliushangilia msako ule, na jina la Sokoine linatajwa kwa heshima hadi leo, na kwa haki, maana alikuwa mtu asiyejilimbikizia mali. Lakini uadilifu wa kiongozi hauifanyi sheria yake kuwa njema, na sheria ile ilikuwa mbaya.

Serikali yenyewe iliona haiwezi kudumu. Mwaka 1984, mwaka ambao Sokoine alifariki kwa ajali ya gari, ilifutwa na nafasi yake ikachukuliwa na Sheria ya Makosa ya Uhujumu Uchumi, iliyorudisha mashauri Mahakama Kuu na kuwarudisha mawakili. Dhamana nayo ilirudi, ila kwa masharti mazito, likiwamo la kuweka fedha taslimu au mali yenye nusu ya thamani inayobishaniwa, na kwa kumpa mwendesha mashtaka wa serikali uwezo wa kuizuia kwa hati. Mwaka huohuo Hati ya Haki iliingizwa katika Katiba ya Muungano, ingawa utekelezaji wake mahakamani uliahirishwa hadi Machi 1988 ili serikali ipate muda wa kuzisafisha sheria zake. Mambo haya mawili yanapaswa kusomwa pamoja. Kizuizi cha amri ya rais kilikuwa kinaanza kuwa aibu, na kuanzia 1988 kingeweza kupingwa mbele ya jaji. Sheria mpya ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ya mwaka 1985, ikaja na kifungu cha 148 chenye orodha ya makosa yasiyo na dhamana iliyo ndefu kuliko ile ya mkoloni. Sidai kwamba kuna mtu aliyekaa akapanga kuihamisha kazi ya sheria ya kizuizini kwenda kwenye hati ya mashtaka. Ninachosema ni kwamba kazi hiyo ilihama, na kwamba hakuna aliyelazimika kuieleza.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuja upesi. Mshtakiwa wa unyang'anyi wa kutumia nguvu, Daudi Pete, alikuwa amenyimwa dhamana kwa sababu tu ya aina ya kosa, na Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu akasema kifungu kilichomnyima kinapingana na Katiba. Serikali ikakata rufaa. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitoa hukumu ambayo kila wakili wa jinai Tanzania anaijua. Ilikubali kwamba kipengele kile ni batili, kwa kuwa kilimnyima mtu uhuru bila kuweka utaratibu wowote wa kuamua, na kilitanda mno hata kikawakumba wasiokusudiwa. Lakini hukumu hiyohiyo ilisema pia kuwa kumnyima mtu dhamana si lazima kuwe ni kumtendea kama aliyekwisha kutiwa hatiani. Nusu ya kwanza iliwapa moyo watetezi wa haki. Nusu ya pili ndiyo serikali iliyoishika, na kwa sheria ilikuwa na haki ya kuishika. Bunge halikuifuta orodha baada ya hukumu ile, bali liliiandika upya na kuirefusha. Dawa za kulevya zikaingia. Ukaingia ugaidi, na baada ya sheria ya mwaka 2006, utakatishaji fedha.

Ugaidi ulikuja na sababu nzito, na haifai kuipunguza. Agosti 7, 1998 mabomu mawili yalilipuka kwenye balozi za Marekani, moja Nairobi na jingine Dar es Salaam, yakaua watu 224. Wengi wao walikuwa Wakenya, wapita njia na wafanyakazi wa maofisi ya jirani. Mwaka uliofuata Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kukomesha ufadhili wa ugaidi, na Septemba 28, 2001, wiki mbili na siku chache baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Baraza la Usalama likatoa azimio namba 1373 linalozitaka nchi zote zilifanye tendo la kufadhili ugaidi kuwa kosa la jinai. Tanzania ilitunga Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002. Kosa la ufadhili lina sura ya pekee. Kwa mujibu wa mkataba, fedha si lazima ziwe zimetumika, wala bomu si lazima liwe limetengenezwa. Linatosha kutoa au kukusanya kwa nia au kwa kujua. Maana yake ni kwamba tendo lenyewe, kwa macho, ni la kila siku: kumtumia mtu laki mbili kwa simu, kuchangia madrasa, kumlipia kijana nauli au kodi ya chumba. Kinachotofautisha sadaka na uhalifu kimo moyoni mwa mtoaji, na hakionekani mpaka ushahidi ufunguliwe. Kama kuna kosa linalohitaji mtu asiye na upande alitazame jalada mapema, ni hili. Sheria ya Tanzania ilifanya kinyume. Mwaka 2016 makosa ya ugaidi yakaongezwa kwenye jedwali la makosa ya uhujumu uchumi, na kesi zake zikapelekwa katika divisheni mpya ya Mahakama Kuu ya rushwa na uhujumu uchumi. Hivyo ndivyo mshtakiwa wa kulipua vituo vya mafuta alivyokuja kuandikwa katika daftari lililofunguliwa kwa ajili ya waficha sukari.

Aliyewahi kufuatilia Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu anajua kazi hiyo inavyofanyika asubuhi ya kawaida. Washtakiwa wanashushwa kwenye karandinga, wanapandishwa kizimbani, na mashtaka yanasomwa. Kisha hakimu anawaambia hawatakiwi kujibu lolote, kwa kuwa mahakama yake haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo mpaka Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) atoe kibali au jalada liende Mahakama Kuu. Wakili wa serikali anasimama na kusema upelelezi haujakamilika, anaomba tarehe nyingine ya kutajwa. Wakili wa utetezi analalamika kwamba ni mara ya kumi sasa. Hakimu anausihi upande wa mashtaka uharakishe, anaahirisha kwa wiki mbili, na karandinga linarudi Segerea au Ukonga. Desemba 31, 2019 mama yake mwandishi wa habari Erick Kabendera alifariki dunia wakati mwanawe akiwa katika mzunguko huo, akishtakiwa kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Mawakili wake waliomba aruhusiwe angalau ashiriki ibada ya kumuaga. Upande wa mashtaka ulipinga, na mahakama ikasema haina mamlaka ya kumruhusu. Mtu ambaye hajajibu mashtaka, mbele ya hakimu asiye na uwezo wa kuyasikiliza, alikosa saa chache za kumuaga mama yake. Hakuna hatari kwa usalama wa taifa iliyotajwa kwenye uamuzi huo, na haikuhitajika kutajwa.

Mwezi Februari 2020 Kabendera alitoka baada ya kukiri na kulipa. Hakuwa peke yake katika njia hiyo. Septemba 2019 Rais John Magufuli alikuwa ametoa nafasi kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi wakiri, warudishe fedha na wasamehewe, na mwisho wa mwezi huo DPP akatangaza kuwa watu 467 wamejitokeza na wako tayari kurudisha zaidi ya shilingi bilioni 107. Serikali iliona ni mafanikio makubwa, na huenda baadhi ya fedha hizo kweli zilikuwa za umma. Lakini mtu aliyekaa ndani miaka mitatu akisubiri upelelezi, asiye na tumaini la dhamana, anaposaini makubaliano ya kukiri, saini yake haituambii kama alitenda. Inatuambia kuwa amechoka. Na tusisahau kwa nini orodha ya 1275 iliandikwa: kumzuia mwenye funguo asiugeuze uhuru wa mtu kuwa bidhaa. Orodha iliyotungwa kuziba soko hilo ilikuwa, baada ya karne saba, imefungua jingine, na safari hii fedha ziliingia hazina ya serikali badala ya mfuko wa ofisa. Wapo watakaosema tofauti hiyo ni kubwa. Kwa anayelipa ni ndogo.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba ugaidi unaua, na kwamba jaji anayekosea kwenye dhamana ya mwizi wa ng'ombe hakosei sawa na anayekosea kwenye dhamana ya gaidi. Kulijibu kwa nadharia hakutoshi, tutazame jirani. Kenya ilianzia palepale tulipoanzia. Mwaka 1985, katika kesi ya Ngui, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha sheria kilichowanyima dhamana washtakiwa wa makosa ya kifo kinapingana na Katiba. Bunge la wakati wa Rais Daniel arap Moi halikukubali kushindwa: mwaka 1987 lilibadilisha Katiba yenyewe ili ikubaliane na sheria. Hali ikabaki hivyo miaka ishirini na mitatu. Kisha Katiba ya 2010, ibara ya 49, ikasema kila aliyekamatwa ana haki ya kuachiwa kwa masharti ya busara, isipokuwa kuwe na sababu za msingi za kumzuia. Haikutenga kosa hata moja. Kenya ilifanya uamuzi huo si katika utulivu bali ukingoni mwa miaka mibaya kuliko yote: jengo la maduka la Westgate mwaka 2013, watu 67 wakauawa; Mandera mwishoni mwa 2014, abiria wa basi na kisha wachimba mawe; Chuo Kikuu cha Garissa Aprili 2015, watu 148. Kama kuna nchi iliyokuwa na kisingizio cha kurudisha orodha, ni Kenya.

Na ilijaribu, kwa mlango wa rufaa. Desemba 2014, katika kikao cha Bunge kilichojaa vurumai, ilipitishwa sheria ya marekebisho ya usalama. Mojawapo ya vifungu vyake kiliruhusu amri ya dhamana isimamishwe hadi siku 14 pale mwendesha mashtaka anapoipinga katika mahakama ya juu. Februari 23, 2015 Mahakama Kuu, majaji watano wakiwa pamoja, ilifuta vifungu vinane vya sheria ile, na hicho kikiwamo, kwa kuwa kilimfanya mtu aliyekwisha kupewa haki na mahakama aendelee kushikwa kwa sababu tu upande wa pili haujaridhika. Wengi walitabiri kwamba magaidi sasa watamiminika mitaani. Hawakumiminika, kwa sababu rahisi: majaji na mahakimu wa Kenya hawawaachii washtakiwa wa ugaidi ovyo. Wanawakatalia wengi. Tofauti ni kwamba wanawakatalia kwa sababu zinazoandikwa: huyu ana pasipoti mbili, yule hana makazi yanayojulikana, shahidi fulani ametishwa. Sababu iliyoandikwa inaweza kukatiwa rufaa, na inaweza kuangaliwa upya miezi sita baadaye kesi inaposuasua. Katazo la jumla halina sababu ndani yake, kwa hiyo halina cha kukatia rufaa.

Wapo wanaosema historia ya Mombasa inapinga ninachodai. Sheikh Aboud Rogo aliachiwa huru mwaka 2005 katika kesi ya shambulio la hoteli ya Kikambala; Julai 2012 Umoja wa Mataifa ukamwekea vikwazo kwa madai ya kulisaidia kundi la Al-Shabaab la Somalia kwa fedha na mali; na wakati huo alikuwa nje kwa dhamana katika kesi nyingine, akiendelea kuhubiri. Wakosoaji waliuliza mahakama ina faida gani. Agosti 27, 2012 alipigwa risasi garini akafa, mkewe akiwa naye, na mji ukawaka ghasia kwa siku kadhaa. Aprili 1, 2014 Abubakar Shariff, aliyejulikana kama Makaburi, aliuawa vivyo hivyo karibu na mahakama ya Shanzu. Serikali ilikana kuhusika, na hakuna aliyetiwa hatiani kwa mauaji hayo. Naichukua hoja hii kwa uzito, lakini naona inaelekea upande mwingine. Mahubiri ya Rogo yalikuwa na madhara ya kweli kwa vijana wa Pwani, na jaji aliyeona hivyo angeweza kumwekea masharti makali au kumnyima dhamana kwa sababu zinazojulikana. Kilichotokea badala yake kilimfanya shahidi wa dini machoni pa wafuasi wake, na kesi iliyopaswa kuonyesha fedha zilitoka wapi na kwenda wapi haikusikilizwa kamwe. Waliopoteza zaidi ni wale waliotaka ukweli wa fedha hizo ujulikane.

Tena tuhuma za fedha ni rahisi kukosewa. Siku chache baada ya Garissa, serikali ya Kenya ilitangaza majina 86 ya watu na taasisi kwa madai ya kuhusishwa na ugaidi, na akaunti zao zikafungwa. Humo mlikuwa na mawakala wa hawala ambao familia nyingi za Kisomali huwategemea kupokea fedha za ndugu walio ng'ambo, na mlikuwa na mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, MUHURI na Haki Africa. Mashirika hayo yalikwenda mahakamani, na kabla ya mwaka 2015 kwisha Mahakama Kuu ya Mombasa ilikuwa imeamuru akaunti zifunguliwe, kwani hapakuwa na cha kuyaunganisha na ugaidi. Hebu tufikiri watu hao wangekuwa wameshtakiwa Kisutu badala ya kufungiwa akaunti Mombasa. Wangeingia rumande kwa tuhuma ileile, na ushahidi ambao haukuwapo usingeulizwa na mtu kwa miaka.

India, tulikorithi utaratibu wetu, imetoa mfano ulio karibu zaidi na kiini cha jambo. Sheria yake ya kupambana na ugaidi iliongezwa makali baada ya mashambulizi ya Mumbai ya Novemba 2008, na inamtaka jaji akatae dhamana akiona kuna msingi wa kuamini kwamba tuhuma ni za kweli. Ni sheria kali, na mapadri, wahadhiri na wanafunzi wameteseka chini yake. Hata hivyo inamwachia jaji kitu kimoja ambacho yetu haimwachii: lazima asome jalada. Katika wilaya ya Chatra, jimbo la Jharkhand, kuna machimbo makubwa ya makaa ya mawe, na kundi lenye silaha lilikuwa likiwatoza wasafirishaji wa makaa fedha kwa vitisho. Wapelelezi waliwakamata hata baadhi ya waliolipa, wakidai wamefadhili ugaidi. Mmoja wao alinyimwa dhamana na mahakama za chini, rufaa ikafika Mahakama ya Juu ya India, na Aprili 2021 majaji wakasema kuwa kutoa fedha kwa kulazimishwa na wanyang'anyi hakumfanyi aliyetoa kuwa mfadhili wa ugaidi. Walimpa dhamana. Swali hilo halikosi kwetu. Dereva wa lori, mfanyabiashara wa mkaa au wa mifugo anayepita maeneo ya Somalia yaliyo mikononi mwa Al-Shabaab hulipa kwenye kizuizi cha barabarani asipotaka kufa, na risiti anayopewa inaweza kesho kuwa kielelezo dhidi yake. Akishtakiwa nchini Tanzania, tofauti kati ya aliyeibiwa na aliyefadhili itasubiri mpaka siku ya hukumu, kwa kuwa kwenye dhamana hakuna anayeruhusiwa kuiuliza.

Watetezi wa kifungu cha 148 wana silaha moja ambayo siwezi kuipita kimya, nayo ni Mahakama ya Rufani. Mwaka 2018 mahakama hiyo ilikubali, katika kesi ya Jeremia Mtobesya, kwamba hati ya DPP ya kuzuia dhamana bila kuulizwa ni kinyume cha Katiba. Lakini miaka miwili baadaye ilisita kwenda mbali zaidi. Mei 2020, katika shauri lililofunguliwa na Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilikuwa imelitangaza katazo la jumla kuwa batili na kuipa serikali miezi 18 irekebishe. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo na kukiacha kifungu kisimame, ikiona kuwa Bunge linaweza kuweka mpaka wa namna hiyo kwa ajili ya usalama wa umma. Ni hukumu ya mahakama ya juu kabisa nchini na inapaswa kutiiwa. Kutii hakuzuii kuuliza. Kama hati ya DPP ni batili kwa sababu inamwachia mwenye kesi kuamua uhuru wa mpinzani wake, je, hati ya mashtaka anayoiandika DPP huyohuyo, kwa kuchagua neno "utakatishaji" au "ugaidi", inafanya kazi gani tofauti? Hukumu za 2018 na 2020 haziwezi kukaa kwa amani ndani ya nyumba moja. Juni 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua katika shauri la mashirika mawili ya Kitanzania kuwa kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika na ikaiagiza Tanzania ikirekebishe. Wakati huo Tanzania ilikuwa imekwisha kuufunga mlango ambao wananchi na mashirika walipitia kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo.

Linabaki pingamizi la rushwa, ambalo watu wa kawaida hulitaja kabla ya mengine yote: ukimpa hakimu uwezo wa kumwachia mfadhili wa ugaidi, mwenye fedha atamnunua. Sidhani kwamba ni hofu ya kijinga. Ila tuangalie uwezo huo uko wapi sasa. Uko kwa mwandishi wa mashtaka, ambaye uamuzi wake hautolewi hadharani, hauna sababu zilizoandikwa na hauna rufaa. Atakaye kununua atakwenda huko. Uamuzi wa dhamana unaotolewa na Mahakama Kuu mbele ya mawakili wa pande zote mbili, waandishi wakiwa kwenye mabenchi ya nyuma, ni mgumu zaidi kuununua. Na ukinunuliwa, serikali isiachwe mikono mitupu: ipewe haki ya kukata rufaa dhidi ya dhamana, isikilizwe kwa siku chache na si miezi, mshtakiwa akiwa tayari nje kwa masharti, pasipoti yake mahakamani na kituo cha polisi cha kuripoti kila Jumatatu. Asiporipoti, wadhamini wake watafuatwa na yeye atakamatwa. Mwendesha mashtaka mwenye ushahidi wa kweli juu ya fedha za ugaidi hana sababu ya kuogopa kuuonyesha kidogo katika siku hizo. Asiye nao ndiye aliyelindwa na kifungu cha 148 kwa muda wote huu.